Dinari moja kwa riali 26: kisa cha pesa za Yemen

Julai 2025, mtu wa Aden, kusini mwa Yemen, aliyetaka mama yake aliyeko Sanaa, kaskazini, apokee riali 100,000 ilimbidi aweke mezani riali zaidi ya 500,000. Nchi ni moja. Pesa inaitwa riali huku na kule, na noti zote zimeandikwa jina la Benki Kuu ya Yemen. Umbali wa barabara hauzidi ule wa Dar es Salaam hadi Dodoma.

Wakala wa kutuma fedha hakuambii kwamba anakubadilishia pesa. Kwenye risiti yake anaandika kiasi kinachotumwa, kisha chini yake anaandika ada. Ada ya laki nne na ushei kwa kutuma laki moja! Mzigo kilo moja, nauli ya kilo nne.

Hiyo si ada. Ni bei ya kubadilisha sarafu moja kwa nyingine, ila sarafu zenyewe haziruhusiwi kukiri kwamba ni mbili. Kuielewa vizuri inafaa kurudi mwaka 1990, nchi hiyo hiyo ilipofanya kinyume chake kabisa: ilichukua sarafu mbili zilizokuwa mbili kweli, ikazifunga pamoja kwa namba 26, ikasema kuanzia leo ni kitu kimoja.

Nianze na shilingi, maana katika kisa hiki na sisi tumo. Aden ya Waingereza ilitumia rupia ya Kihindi, kama pwani yetu ilivyoitumia zamani. Mwaka 1951 rupia ikaondolewa, Aden ikaingizwa kwenye Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Shilingi ile ile yenye simba na milima nyuma yake, ambayo mkata mkonge wa Tanga na mpakuzi wa bandari ya Kilindini walilipwa, ndiyo iliyonunua mkate na samaki mitaa ya Crater, mji mkongwe wa Aden. Mshihiri aliyetoka Mombasa na akiba yake kwenda kusalimia kwao Hadhramaut alishuka Aden na pesa inayotumika pale pale.

Mwaka 1965 Shirikisho la Arabia Kusini, dola iliyokuwa chini ya Waingereza na Aden ikiwa ndani yake, likapata sarafu yake, dinari. Dinari moja ilikuwa shilingi 20 kamili, yaani pauni moja ya Uingereza. Kwa kuwa dinari iligawanywa katika fils 1,000, shilingi ikawa fils 50, na watu wa Aden waliendelea kuziita fils 50 "shilin" muda mrefu baada ya simba kuondoka. Mwaka uliofuata sisi wenyewe tukaivunja shilingi ya pamoja, kila nchi ikachapa yake. Aden walitutangulia mlangoni tu.

Waingereza waliondoka tarehe 30 Novemba 1967, na dola mpya ya Yemen Kusini, iliyoshika njia ya kisoshalisti, ikairithi dinari na kuishika kwa nguvu. Kuanzia 1973 bei rasmi ikakaa kwenye dinari 0.345 kwa dola moja ya Marekani. Ukiigeuza, dinari moja ilikuwa dola 2.90. Bei hiyo haikuguswa mpaka muungano, miaka 17 baadaye. Kuishikilia bei miaka 17 si kazi ngumu ikiwa raia haruhusiwi kwenda dirishani kudai dola. Bei ya namna hiyo inafanana na bei ya sukari iliyobandikwa kwenye duka la ushirika lisilo na sukari. Ni ya kweli kwa anayeiandika.

Kaskazini mambo yalikwenda kivingine. Chini ya maimamu, watawala wa zamani wa Sanaa, pesa ilikuwa fedha halisi, zile sarafu kubwa za Maria Theresa ambazo wazee wa pwani yetu walizijua kwa jina la reale. Noti za karatasi zilikuja mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Septemba 1962. Miaka ya 1970 ndipo riali ilipopata mgongo wa kuegemea, nao ulikuwa vijana. Mamia kwa maelfu walivuka kwenda Saudia kujenga barabara, kufungua maduka, kuendesha malori, na kila mwezi pesa zilirudi vijijini. Fedha za kigeni zilikuwa nyingi kiasi kwamba riali ilikaa kwenye 4.56 kwa dola kwa takriban miaka kumi bila kutetereka. Serikali ya Sanaa haikuwa na viwanda wala, wakati huo, mafuta. Ilikuwa na watu waliokuwa kwingine.

Bei ya mafuta ilipoanza kushuka miaka ya 1980, pesa za vijana zilipungua ila hamu ya nyumbani ya bidhaa za nje haikupungua. Riali ikaanza kuteremka kuanzia 1983. Kufikia 1989 dola moja ilikuwa riali 9.76. Mwaka 1990 bei rasmi ikawa riali 12.

Sasa tupige hesabu ya dinari kwa riali, hesabu ambayo wakati ule wachache walikuwa na haja nayo, kwa sababu nchi hizo mbili zilipigana vita mpakani mwaka 1972 na tena 1979, na biashara baina yao haikuwa kubwa. Kwa bei rasmi za miaka ya 1970, riali 4.56 gawanya kwa 0.345, dinari moja ilikuwa riali 13 na kidogo. Kwa bei za 1989 ilikuwa riali 28. Kwa bei za 1990 ilikuwa karibu 35. Dinari haikuwa imepanda hata hatua moja. Ilisimama palepale huku mwenzake akishuka ngazi.

Tarehe 22 Mei 1990 nchi zikaungana, Ali Abdullah Saleh wa kaskazini akiwa rais na Ali Salim al-Beidh wa kusini akiwa makamu wake. Dinari na riali zote mbili zikatangazwa kuwa pesa halali ya nchi nzima, dinari moja kwa riali 26.

Mbona 26? Ukiitazama namba yenyewe, haikai popote kwenye hesabu zetu. Iko chini ya 28 ya mwaka uliopita na chini kabisa ya 35 ya mwaka ule. Hata kugawanyika haigawanyiki vizuri: shilin moja ya Aden ikawa riali 1.30. Na hapo kuna kichekesho kwa muuza duka, kwa sababu riali nayo ilikuwa na fils zake, mia moja kwa riali, na fils moja ya kusini ikawa fils 2.6 za kaskazini. Jina moja, vitu viwili. Yemen na mchezo huo ni wa siku nyingi.

Kwa macho yangu, 26 ilikuwa bei ya watu wawili waliokutana katikati ya uongo mmoja na ukweli nusu. Uongo ulikuwa dinari ya dola 2.90. Mgeni mkubwa aliyekuwa akiisaidia Aden, Umoja wa Kisovieti, alikuwa hoi, misaada imekauka, na kama dirisha la dola lingefunguliwa siku moja tu bei hiyo isingelala. Ukweli nusu ulikuwa riali ya 12, ambayo nayo ilikuwa bei ya kwenye karatasi ikingoja kusukumwa. Kusini wasingekubali 15 mbele ya wananchi wao, kaskazini wasingekubali 35. Mwaka huo huo, Julai, Wajerumani waligeuza mishahara ya mark za mashariki kuwa mark za magharibi, mark moja kwa mark moja, na viwanda vya mashariki vikashindwa kulipa. Wayemeni hawakufanya kosa hilo. Kwa hesabu ya siku ile peke yake, 26 haikuwa bei mbaya.

Chukua mfanyakazi wa Aden mwenye mshahara wa dinari 100. Usiku mmoja ukawa riali 2,600. Kwa bei rasmi ya zamani mshahara wake ulikuwa dola 290, kwa bei mpya ni dola 217 hivi. Amepoteza robo. Lakini hiyo robo hakuwahi kuishika mkononi, maana hakuna aliyemuuzia dola kwa 0.345. Akienda sokoni mwezi wa Juni 1990 alikuta bei zimegeuzwa kwa 26 ile ile, na maisha yanaendelea.

Hasara yake ya kweli ilikuja baadaye, na watu wengi wakizungumza habari za muungano huichanganya na ile ya kwanza.

Wiki kumi baada ya sherehe, Agosti 2, Iraq iliivamia Kuwait. Yemen ndiyo ilikuwa nchi pekee ya Kiarabu kwenye Baraza la Usalama mwaka ule. Tarehe 29 Novemba, azimio namba 678 la kuruhusu nguvu dhidi ya Iraq lilipopigiwa kura, Yemen na Cuba zikasema hapana. Saudia ilikuwa tayari imewaondolea Wayemeni nafuu za kuishi na kufanya kazi bila mdhamini, na watu wapatao laki nane wakarudi nyumbani na magodoro juu ya malori. Ule mgongo wa riali niliousema ukavunjika ndani ya miezi michache. Wakati huo huo serikali mbili zilizoungana hazikupunguza watumishi: wizara za Sanaa na za Aden zikawekwa juu ya mlima mmoja wa mishahara, na mishahara ikalipwa kwa kuchapa noti.

Bei rasmi ikabaki 12. Mtaani riali ikawa inaporomoka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1994 kusini ikajaribu kujitenga, vikapiganwa vita vya miezi miwili, Sanaa ikashinda Julai 7. Mwaka 1995 bei rasmi ikasogezwa ghafla hadi riali 50 kwa dola, na Julai 1996 riali ikaachwa ielee sokoni, ikatua kwenye 130 hivi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Juni 1996, dinari ilikuwa imefutwa rasmi.

Kumbuka kwamba dinari ilikuwa imefungwa kwenye riali kwa 26 muda wote huo. Noti ilikuwa na sura yake na watu waliipenda, ila ndani yake ilikuwa riali iliyovaa kanzu nyingine. Kwa hiyo mzee aliyekuwa na akiba ya dinari 1,000 mwaka 1989, zenye thamani ya dola 2,900 kwa hesabu ya serikali yake, alikuwa na riali 26,000 mwaka 1996, yaani dola 200. Tena hata kama ungempa kwa huruma bei nyingine ya mwanzo, tuseme nusu ya ile rasmi, bado ameanguka kutoka 1,450 hadi 200.

Ndiyo maana watu wa kusini wakisema walinyang'anywa dinari yao siwabishii hisia, ila nabisha hesabu. Kinacholaumiwa mara nyingi ni namba, 26. Namba ilifanya kazi yake siku moja, Mei 22, ikamaliza. Kilichokula akiba ni kwamba tangu siku hiyo mashine ya kuchapa ilikuwa moja, na aliyeiendesha alikuwa Sanaa. Wangepewa 35 kwa dinari, mzee wetu angekuwa na dola 270 mwaka 1996 badala ya 200. Tofauti ya dola 70 si kitu mbele ya 2,700 zilizoyeyuka. Na upande wa pili wa hoja nao si mwepesi: dinari iliyobaki peke yake bila Wasovieti ingeishi vipi? Shilingi zetu tatu zilizaliwa sawasawa na dinari, ishirini kwa pauni. Leo shilingi 20 za Kenya ni senti 15 za dola, za Tanzania hazifiki senti moja, za Uganda ni nusu senti. Hakuna aliyetuunganisha na mtu kwa nguvu. Tulishuka wenyewe.

Miaka ishirini iliyofuata haina mengi. Riali iliteleza polepole, 160 mwaka 2000, 215 na kidogo kufikia 2010, mafuta yakisaidia.

Halafu vita. Wahouthi, waasi wa kaskazini, waliiteka Sanaa Septemba 2014, na Saudia na washirika wake wakaanza kushambulia Machi 2015. Benki Kuu ikaendelea kufanya kazi Sanaa mwaka mmoja na nusu, ikilipa mishahara ya pande zote, jambo ambalo ukilifikiria ni la ajabu. Septemba 2016 Rais Abdrabbuh Mansur Hadi akatangaza makao makuu ya Benki Kuu yahamie Aden. Sanaa wakakataa kuachia yao. Benki Kuu zikawa mbili, zenye jina moja.

Aden haikuwa na akiba wala mapato ya kutosha, ila ilikuwa na haki inayotambuliwa na dunia ya kuagiza noti. Zikachapwa Urusi, riali mamia ya mabilioni. Noti mpya ya riali 1,000 ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, na udogo huo ndio uliokuja kuwa mpaka wa nchi. Desemba 2019 Wahouthi wakapiga marufuku noti zote mpya kwenye maeneo yao, wakawapa watu siku 30 kuzisalimisha. Wakati huo dola ilikuwa karibu riali 600, Sanaa na Aden. Mwanzoni mwa Desemba 2021 Aden ilikuwa imepita 1,600 na Sanaa bado 600. Julai 2025 Aden 2,800, Sanaa 535 hivi.

Aden walijaribu ujanja mmoja mwaka 2021: wakaingiza sokoni noti za 1,000 zilizochapwa kwa ukubwa wa zamani, ili jicho lisitofautishe. Sanaa wakaanza kusoma namba za mfululizo. Mtu wa kituo cha ukaguzi barabarani akawa anakagua noti kama mwalimu anavyokagua madaftari.

Kwa nini riali ya Sanaa imetulia? Msomaji wa haraka atasema uchumi wa kule ni imara. Siyo. Watumishi wengi wa maeneo hayo walikaa miaka bila mshahara kamili tangu 2016. Riali ya Sanaa imetulia kwa sababu ya ukame: kwa miaka mingi noti zilikuwa zile zile za zamani, hakuna aliyeongeza, na zikachakaa. Watu walifika mahali pa kubadilishana noti zilizoshikwa kwa gundi, mpaka Machi 2024 Sanaa wakatengeneza sarafu ya chuma ya riali 100 kuziba matundu, na Julai 2025 wakaongeza sarafu ya 50 na noti ya 200; Aden ikaziita bandia. Juu ya hapo bei ya dola inasimamiwa kwa mkono wa chuma, na walio wengi nchini wanaishi upande huo, kwa hiyo mahitaji ya riali ya zamani hayapungui. Nikiiangalia namba ya 535 nakumbuka ile 0.345 ya Aden ya kisoshalisti. Ni bei inayotulia kwa sababu ya yasiyoruhusiwa.

Aden kinyume chake iliachia. Oktoba 2022 droni za Wahouthi zilipiga bandari za kusafirishia mafuta za Hadhramaut na Shabwa, mauzo ya mafuta nje yakasimama, na serikali ikapoteza chanzo chake kikubwa cha dola. Mishahara ya wanajeshi na watumishi ikaendelea. Saudia ilileta amana mara kwa mara, ya dola bilioni 2 mwaka 2018 ikiwa maarufu zaidi, na kila ilipofika riali ilipumua miezi kadhaa.

Kwa hiyo leo "riali moja ya Sanaa ni riali ngapi za Aden" ni swali halali kama lile la dinari, na lina historia yake: moja kwa moja mwaka 2019, karibu moja kwa tatu mwanzoni mwa Desemba 2021, moja kwa tano na zaidi Julai 2025. Tofauti na 1990, hakuna aliyeitangaza. Hakuna mkataba wala gazeti la serikali. Bei inaishi kwenye mstari wa risiti ulioandikwa ada. Anayeumia zaidi ni mtu kama wa Taiz, mji ambao katikati yake ni ya serikali na kitongoji chake cha Hawban kiko kwa Wahouthi. Anafanya kazi upande mmoja, ananunua upande wa pili, na mfukoni lazima awe na makunjo mawili.

Agosti 2025 jambo likageuka. Aden ilibana maduka ya kubadilisha fedha, ikaweka kamati ya kusimamia dola za waagizaji, na ndani ya siku chache dola ikashuka kutoka 2,800 hadi 1,620 hivi. Riyali ya Saudia ikatoka karibu 750 hadi 425. Ukisoma kichwa cha habari ni ushindi. Ukiwa umepangishwa nyumba Aden, ambako kodi nyingi zinadaiwa kwa riyali za Saudia, unashukuru ikiwa mshahara wako ni wa riali. Lakini familia inayoishi kwa pesa ya kijana aliyeko Jeddah ilipokea riyali zile zile 1,000, ikaenda dirishani na kupewa riali 425,000 pale ilipozoea 750,000, wakati unga dukani haukuwa umeshuka kwa kiasi hicho.

Ndugu yake huyo kijana anayeishi Sanaa alipotumiwa riyali 1,000 mwezi ule alipewa riali 140,000, kama Julai, kama mwaka uliopita.